Golini Hapatuami Maji

Machi 4

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya kazi. Kurasa za mwanzo nimezichana, zimebaki tisini na mbili. Zinatosha msimu mmoja wa mvua, na mvua imeanza leo saa nne asubuhi.

Sababu ya kuandika ni hii. Klabu yetu ya wazee inatimiza miaka ishirini mwezi wa sita, na Mwalimu, ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu, amepewa kazi ya kuandika historia yake. Leo ametugawia rasimu. Kurasa thelathini na moja. Nimehesabu. Daktari aliyetushauri tuanze kutembea, Mungu amrehemu, ametajwa mara kumi na nne. Muuguzi, anayetupima presha kabla ya mchezo, mara tisa. Keki ya miaka kumi, mara tatu. Mimi mara moja, ukurasa wa kumi na mbili: "Uwanja ulisawazishwa na mmoja wa wanachama."

Mmoja wa wanachama! Keki imeandikwa mpaka ladha yake.

Nikamwambia, "Mwalimu, huyo mmoja ana jina."

"Mzee Pimamaji, kitabu ni cha wote. Hatuwezi kumtaja kila mtu."

"Na keki je, iligombea uongozi?"

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuona cha kucheka.

Machi 5

Mvua. Nimeisoma tena rasimu na chai ya asubuhi, nikakuta baya zaidi. Ukurasa wa kumi na tatu: "Mwaka wa tatu kipa wetu, Fundi Cherehani, aliteleza kwenye maji golini akavunjika nyonga. Kwa ushauri wa Daktari, klabu ikapitisha sheria ya kutokukimbia."

Aliteleza kwenye maji. Golini. Kwangu!

Niandike hapa, kwa kuwa kule hakuna atakayeandika. Uwanja wetu ni ua wa kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Tulipokuja kulikuwa na shimo, vyuma na mbigili. Mimi sikusoma, nilianza kwa kubeba zege kichwani nikiwa na miaka kumi na sita, nikaishia kuwa na mafundi arobaini chini yangu. Nilipima ua ule kwa kamba na pimamaji, kifaa ambacho hakinitoki mfukoni na ndicho kilichonipa jina. Nafasi ilitosha goli moja tu, kwa hiyo mpaka leo timu mbili hushambulia goli hilo hilo kwa zamu, na kipa ni mmoja wa wote. Mbele ya goli, mita tano kwa saba, nilichimba na kupanga mawe sentimita arobaini, kokoto kumi na tano, mchanga kumi, ndipo udongo. Toroli mia tatu na hamsini. Nilizisukuma mwenyewe, na wakati huo nilikuwa na miaka sitini kamili.

Golini pangu hapatuami maji. Hapajawahi kutuama. Nitathibitisha.

Machi 6

Nimekata kijiti, nikakitia alama kila nusu sentimita. Saa moja asubuhi, kila siku, mvua au jua: katikati ya uwanja, kona, golini. Leo, kwa sentimita: kati 3, kona 5, golini 0.

Machi 7

Kati 4, kona 5, golini 0.

Machi 11

Kati 2, kona 4, golini 0. Bega la kushoto linauma, kama kila mvua. Ni tangu siku ile nilipombeba Cherehani kumtoa uwanjani. Hilo nalo halimo kwenye historia.

Machi 15

Jua limetoka siku mbili, tukacheza. Sheria yetu, kwa asiyejua: mguu mmoja uwe chini muda wote. Ukiinua yote miwili umekimbia, filimbi inalia, mpira unapewa wapinzani, na filimbi tatu zinakuketisha benchi. Filimbi anayo Cherehani. Tangu avunjike nyonga hachezi. Anakaa kwenye kiti karibu na mlingoti wa goli, fimbo mapajani, jicho kama la mwewe. Ana miaka sabini na tisa na bado anashona jezi zetu zote.

Leo amepiga filimbi kumi na moja. Muuguzi peke yake tatu; akaenda benchi akitukana kwa adabu. Mimi sifuri. Miaka kumi na saba sijapigiwa filimbi hata moja. Hiyo nayo haimo kwenye rasimu!

Cherehani alikohoa mara nne mchezo mzima. Nimemwambia aende akapime kifua.

"Ni vumbi tu, ndugu yangu," akasema.

"Vumbi gani baada ya mvua ya siku kumi?"

Akaanza kuipangusa filimbi kwa shati.

Machi 19

Mvua kubwa. Tumekaa ndani ya bohari, ambalo ndilo ukumbi wetu. Hewa ikijaa maji, kuta bado zinatoa harufu ya sabuni. Wengine mpira wa meza, wengine drafti, akina mama mazoezi ya viti wakiongozwa na Shemeji, mke wa Cherehani. Tumepiga kura kama madirisha yafungwe. Sisi hupigia kura kila kitu, mpaka sukari ya chai, na kila kura huandikwa kwenye daftari lake. Madirisha: 22 ndiyo, 9 hapana.

Kati 7, kona 9, golini 0.

Machi 27

Nimeliomba daftari la kura la miaka ya mwanzo, nitafute ilipopitishwa kazi ya uwanja. Nimeipata: 19 kwa 0, jina langu lipo. Nikanakili.

Nikaona na sheria ya kutokukimbia: 18 ndiyo, 1 hapana. Hapana ilikuwa yangu. Nilisema hatuwezi kutembea kama maharusi kwa sababu mtu mmoja kateleza. Nilikuwa mkali siku hizo. Mke wangu alikuwa hana hata miezi sita kaburini.

Jambo moja limeniudhi. Wiki moja kabla ya kura hiyo, tarehe ile ile aliyovunjika Cherehani, kuna mstari umeandikwa: "Ndiyo 11, hapana 0." Basi. Hoja haikuandikwa! Kura ya nini? Fundi wangu angeniletea kipimo kisichosema ni cha ukuta upi, ningemrudisha kwao. Nimemuuliza Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa katibu.

"Ni zamani, mzee. Wino ulikwisha."

Wino uliandika tarehe, idadi na sahihi yake, ukaishia kwenye hoja tu.

Aprili 2

Kati 6, kona 8, golini 0.

Aprili 9

Cherehani amekuja nyumbani kwa miguu na fimbo yake, mvua ikimnyeshea. Mita mia sita. Binti yangu amempa taulo na chai. Akanishonea kifungo cha koti hapo hapo, maana hawezi kukaa bila sindano.

"Ndugu yangu, hilo la ukurasa wa kumi na tatu liache."

"Niliacheje? Limeandikwa golini kuna maji."

"Nani atasoma?"

"Mimi nitasoma. Wajukuu watasoma. Watasema babu alijenga dimbwi."

"Basi wacha nimwambie Mwalimu akutaje. Akutaje mara kumi. Mara kumi na tano, umpite Daktari."

"Sitaki huruma, nataka vipimo."

Akakata uzi kwa meno. "Wewe mtu mgumu sana," akasema. "Afadhali zege."

Nimefurahi alivyosema. Sasa nashangaa kwa nini alikuja na mvua yote ile kuniambia niache.

Aprili 10

Golini 0.

Aprili 17

Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Kati 11. Golini 0. Nilisimama pale golini na buti, nikaruka mara tatu kama mwehu. Pagumu kama sakafu ya benki. Mlinzi wa getini amenishangaa.

Aprili 18

Homa. Binti yangu ameenda kupima badala yangu, akalalamika njia nzima. "Baba, kwani ukiandikwa humo utapewa nini?" Jibu nimelipata baadaye: nyumba nilizojenga zina majina ya wenyewe. Shule ina jina la mfadhili. Ule uwanja ndio kitu pekee nilichojenga ambacho mwenyewe nilikitaka. Sikumwambia.

Golini 0, kwa mkono wake.

Aprili 30

Leo kikao cha kupitisha rasimu. Naandika polepole, nataka kila neno likae mahali pake.

Tulikuwa thelathini na nane ndani ya bohari, mvua ikipiga bati mpaka Mwalimu akawa anapaza sauti kama yuko darasani. Tulipofika ukurasa wa kumi na tatu nikasimama na karatasi yangu.

"Siku hamsini na sita nimepima," nikasema. "Siku zenye mvua, arobaini na moja. Maji yametuama katikati siku thelathini na tatu. Kona, siku thelathini na nane. Golini, hata moja. Tena mvua ya mwaka huu imeipita ile ya mwaka aliovunjika Cherehani. Kwa hiyo sentensi hii ni uongo. Mtu hawezi kuteleza kwenye maji ambayo hayapo."

Nilitarajia makofi kidogo, au ubishi. Havikuja. Mwalimu akavua miwani. Muuguzi akaanza kupanga mashine yake ya presha, ambayo ilikwisha kupangwa.

"Kaa, ndugu yangu," akasema Cherehani.

"Sikai. Sikulaumu wewe. Kama uliteleza basi ni viatu. Vile viatu vyako vya ngozi, soli kama sahani. Iandikwe hivyo: viatu."

Hapo Shemeji akainuka. Ni mama mpole, sijawahi kumsikia akikatiza mtu.

"Viatu nilivishika mimi."

"Vipi, shemeji?"

"Alicheza pekupeku siku ile. Aliogopa kuviharibu. Nilikuwa nimesimama pale ukutani navyo mkononi. Nikaenda navyo hospitali, nikarudi navyo nyumbani. Viatu havikuwa na kosa."

"Mama, yatosha," Cherehani akamwambia.

"Mimi nimesema viatu tu, baba. Sijasema kingine."

Nikawatazama wote. "Basi kilichomwangusha ni nini?"

Katika klabu hii watu huinua mikono hata kuulizwa kama wamesikia. Leo hakuna aliyeinua mkono. Nilihesabu mpaka ishirini. Kisha Mwalimu akasema, "Naomba tupige kura tuahirishe." Mikono thelathini na saba juu. Wangu tu ulikuwa chini.

Mei 1

Sikwenda kupima.

Mei 2

Maji: hapana. Viatu: hapana. Kulikuwa na jiwe? Hapana, nilichekecha udongo ule mwenyewe kwa wavu. Kizunguzungu? Alikuwa na presha ya kijana, Muuguzi alimpima.

Hesabu ya kutoa ni rahisi. Unatoa, unatoa, unaangalia kilichobaki.

Siku ile mpira ulidondoka kati yangu na yeye. Ninachokumbuka ni kuutaka. Niliutaka mpira ule kama vile kitu fulani kingerudi nikiupata. Kisha namkumbuka Cherehani chini, akisema kwa sauti kubwa, "Nimeteleza! Jamani, nimeteleza!" Sauti kubwa kwa mtu aliyevunjika nyonga. Katikati hapo sina kitu. Miaka kumi na saba sina kitu, wala sikuwahi kukitafuta.

Mei 3

Nimekwenda kwa Muuguzi kupima presha. Mia na sabini kwa mia.

"Hii siyo yako," akasema. "Umekula nini?"

"Bega linaniuma. Lile nililoumia nikimbeba Cherehani."

Akafungua mashine mkononi mwangu taratibu, akaikunja.

"Nani kakwambia ulimbeba?"

"Tulimbeba wanne, juu ya ule mlango wa stoo uliong'olewa."

"Wanne, ndiyo. Daktari, mimi, Mwalimu na mlinzi." Alihesabu kwa vidole, kwa sababu ananijua. "Wewe ulikuwa umekaa chini umeshika bega. Nililifunga mimi, kwa kanga yangu."

Kanga ile naikumbuka, ya kijani. Siku zote nilidhani ni ya mke wangu. Lakini mke wangu hakuwepo.

Mei 4

Mvua. Sijapima.

Mei 6

Nimekwenda kwa Cherehani. Alikuwa na kitambaa cha jezi mpya chini ya mashine, njano, vipande sitini na vinne, mwanachama na chake. Shemeji akaleta kiti, akaleta chai, akatoka nje kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Nilikugonga," nikasema.

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Ulikuja kama lori la mchanga," akasema. "Breki hamna."

"Ukasema umeteleza."

"Nilikuwa chini, nikauona uso wako juu yangu. Ndugu yangu, ule haukuwa uso wa mtu aliyefunga goli. Mkeo alikuwa na miezi mitano tu kaburini. Ulikuwa huli, huongei, unakuja uwanjani saa kumi na mbili asubuhi kusukuma toroli. Nikajua huyu akijua kavunja mtu, hatarudi tena. Na asiporudi, hana pengine pa kwenda."

"Na ile kura? Kumi na moja kwa sifuri?"

"Barazani pale hospitali. Niliwaomba. Mwalimu akasema jambo kama hilo lazima lipigiwe kura. Unamjua." Akacheka. "Hoja: kwamba Cherehani aliteleza. Ikapita."

Miaka kumi na saba! Kumi na mmoja wamenyamaza, na wanne wao wameshafariki, wamekwenda nayo. Na mimi nimekuwa nikizunguka na kijiti nikidai haki yangu. Daktari ambaye nilimhesabia kutajwa kwake ndiye aliyesema sheria ile ni wazo lake, ili watu wasiulize imetokana na nini. Na mimi niliipinga.

Nilitaka kumwomba msamaha, na maneno yakagoma. Mikono yangu inajua kuomba msamaha kwa kutengeneza kitu. Hapa cha kutengeneza hakipo, nyonga ni nyonga. Nikasema tu, "Miaka kumi na saba kwenye kiti."

"Kiti kizuri. Uliniundia wewe."

Ni kweli, nilimuundia. Na kibanda cha kivuli juu yake.

"Nisamehe," nikasema hatimaye, nikiiangalia chai.

"Nilishakusamehe ukiwa bado umekaa chini na bega lako. Kunywa, inapoa."

Nikakumbuka jambo jingine. "Kifua umekwenda kupima?"

Akajishika mbavu kwa kicheko mpaka Shemeji akachungulia mlangoni. "Kifua changu kizima kabisa! Wewe unakimbia, Pimamaji. Unakimbia kila mchezo. Mwaka juzi ulikimbia miguu yote hewani, watu wakanitazama. Nitafanyaje? Nikikupigia filimbi ya kukimbia, mimi, golini pale, si utakumbuka? Basi nakohoa."

Machi 15, mara nne. Nilikuwa nimeandika mwenyewe.

Mei 7

Nimepeleka karatasi kwa Mwalimu. Nimeandika: "Fundi Pimamaji, aliyejenga uwanja, alikimbia akamgonga kipa wake na rafiki yake, Fundi Cherehani, akamvunja nyonga. Cherehani alisema ameteleza. Sheria ya kutokukimbia ilitokana na hapo."

Akaisoma mara mbili. Kalamu yake nyekundu haikushuka hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kumpata mtu.

"Unajua hili litakaa humo hata sisi tukishaondoka?"

"Ndiyo maana nataka lisimame wima."

"Lazima lipigiwe kura. Kuna kura ya zamani ya kufuta."

"Najua. Na hiyo nayo safari hii andika hoja, mwalimu mzima."

Mei 10

Waliohudhuria arobaini na sita. Ndiyo 45, hapana 1. Hapana ilikuwa ya Cherehani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kumi na moja kwa sifuri, kumi na tisa kwa sifuri, inachosha. Nimekupa namba ya kuandika."

Mei 12

Kati 2, kona 3, golini 0. Sijui kwa nini nimepima. Mazoea.

Mei 23

Mvua imekatika, leo siku ya sita. Tumetoa viti nje. Bati linatoa mvuke na ua wote unanukia sabuni.

Juni 7

Maadhimisho. Wanachama sitini na wanne, jezi za njano, keki moja, nimeomba isiandikwe. Mwalimu amesoma historia kwa sauti. Alipofika ukurasa wa kumi na tatu niliitazama ardhi. Nikasikia fimbo ya Cherehani ikigonga chini mara mbili, kama mtu anayesema endelea. Mwalimu akaendelea, na mwishoni mwa aya alikuwa ameongeza mstari wake bila kunishauri: "Golini hapo hapajawahi kutuama maji, wala mwaka huo wala mwaka mwingine wowote." Binti yangu akanifinya mkono.

Kisha mchezo. Dakika ya tisa Muuguzi akanipa pasi nzuri, mpira ukapita katikati ya mabeki wawili wenye jumla ya miaka mia na hamsini na tatu. Nikaufuata. Nilikuwa natembea. Naamini nilikuwa natembea.

Filimbi ikalia.

Nikageuka kuangalia nani kafanya kosa. Cherehani alikuwa amesimama, ameegemea mlingoti, fimbo ameielekeza kifuani kwangu.

"Wewe! Lori la mchanga! Miguu yote miwili!"

"Mguu wa kulia ulikuwa chini!"

"Chini wapi? Ulikuwa unaruka kama kuku kafunguliwa kamba. Mpira kwa wapinzani!"

Ua mzima ulicheka, na Shemeji zaidi ya wote. Nilibishana mpaka akaniongeza ya pili kwa ubishi. Kabla ya mapumziko nikapata ya tatu, nikaenda kukaa karibu na kiti chake nikitweta. Akanisogezea nusu ya kivuli.

Filimbi tatu. Kikohozi sifuri.